A ni Chanya, Hasi, au Sifuri?

Kwenye dirisha la Maxima, programu ya kompyuta inayofanya aljebra, kuna mstari mmoja wa maandishi, na pembeni yake kishale kinachowaka na kuzima. Mtu ameomba eneo lililo chini ya mchoro unaoteremka, kuanzia sifuri hadi kusiko na mwisho. Mchoro wenyewe ni ile namba e, iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi a mara x. Aliyepita kwenye hisabati ya kidato cha sita analijua jibu lake: moja gawanya kwa a. Huandikwa ubaoni kwa pumzi moja, chaki haijapata hata kuchoka. Mashine, ambayo tumezoea kuiona ikijibu kabla hatujaondoa kidole kwenye kibodi, haijaandika jibu. Imeuliza, kwa Kiingereza chake kikavu: a ni chanya, hasi, au sifuri? Kisha imenyamaza. Haikupiga kengele, haikuonesha rangi nyekundu, haikusema kuna kosa. Inasubiri, na itasubiri hivyo hadi chaji iishe.

Anayekutana na swali hilo bila kulitarajia hudhani programu imekwama. Hubonyeza na kubonyeza. Akikosa subira huandika amri nyingine, na mashine huipokea amri hiyo kama jibu la swali lake, huiona haieleweki, huuliza tena. Hapo ndipo lawama huanza: ni programu ya bure hii, watu hunong'ona, na rahisi ghali. Ila swali lenyewe ukilitazama kwa utulivu, utaona kwamba halina ubovu wowote. Kama a ni chanya, mchoro unashuka upesi, unajibana na mstari wa chini, na eneo lote, ijapokuwa safari yake haina mwisho, linatosha kuandikwa kwa sehemu moja ndogo. Kama a ni sifuri, mchoro haushuki kamwe. Unakwenda sawasawa kwa kimo cha moja, na eneo lake halina kikomo. Kama a ni hasi, unapanda, na hakuna wa kuukamata. Herufi ni ileile moja, hatima zake ni mbalimbali. Fundi cherehani anayeijua kazi yake hashiki mkasi kabla hajauliza nguo ni ya nani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa ya kumliwaza mtoto anayenyoosha mkono darasani. Mioyoni mwetu bado tunaamini kwamba mjuzi ni yule anayejibu haraka.

Vitabu vya shule navyo vina siri yake hapa. Chini ya ule mlinganyo, kwa herufi ndogo, mara nyingi kuna maneno ambayo jicho huyaruka: ambapo a ni kubwa kuliko sifuri. Mwalimu huyasoma mara moja mwanzoni mwa muhula, baadaye huyaacha, na baada ya hapo darasa zima huishi ndani ya makubaliano ambayo hakuna anayeyakumbuka. Sidhani kuna ubaya katika hilo. Hesabu isingesogea kama kila hatua ingetaka mashahidi. Ubaya huanza pale makubaliano yanapomkuta mgeni ambaye hakuwamo darasani, na hakuna mgeni kamili kuliko mashine. Mwambie mwanafunzi atafute kipeuo cha pili cha x iliyozidishwa kwa x yenyewe. Atasema ni x, na atashangaa kwa nini umemuuliza jambo jepesi hivyo. Mwambie sasa ajaribu kwa hasi tatu. Hasi tatu mara hasi tatu ni tisa, na kipeuo cha tisa ni tatu, ile iliyo chanya. Hasi imepotelea njiani bila mtu kuiaga. Maxima hujibu kwa kuifunga x kati ya mistari miwili iliyosimama, alama ya kusema: ukubwa wake tu, bila ishara yake. SymPy, nduguye mdogo anayeandikwa kwa lugha ya Python, hukiacha kipeuo kama kilivyo hadi umwambie x ni namba ya aina gani. Ukiomba Maxima itafute integrali (ile hesabu ya eneo chini ya mchoro) ya x kwa kipeo cha n, kanuni ambayo kila mtu anaikariri, itauliza kama n ni sawa na hasi moja, kwa kuwa mahali hapo pekee kanuni huvunjika na logi huingia mlangoni. Sisi tuliikariri kanuni, tukasahau kwamba ina shimo.

Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita hitilafu ni neno lililoachwa kusemwa, au lililosemwa zamani likasahaulika. Ukimaliza amri bila nukta-mkato, Maxima haitalalamika. Itadhani hujamaliza kuzungumza, na adabu yake haiiruhusu kumkatiza mtu. Ukimaliza kwa alama ya dola, itafanya kazi yote kimyakimya bila kukuonesha matokeo, na anayeanza atakaa akisubiri jibu ambalo tayari limehifadhiwa. Ukiandika x, kisha ile alama ya usawa, kisha tatu, utakuwa umetoa kauli tu, mlinganyo unaoweza kuwa kweli au usiwe kweli. X yenyewe haijapokea kitu. Anayetaka x ishike tatu huandika nukta mbili, ile moja juu ya nyingine. Na mtu aliyeipa a thamani ya tano asubuhi, akaondoka, akanywa chai, akarudi kuomba mlinganyo wenye a, atapata tano zikimchungulia kila pembe ya jibu, aanze kuitukana programu kwa kutii. Mashine haisahau ulichoiambia. Wewe ndiye uliyesahau, na kwa kuwa haina uso, haiwezi kukukumbusha kwa kukunja kipaji.

Kuna ujumbe mmoja wa Maxima ninaoupenda kuliko yote. Ukiipa desimali kama 0.1 ndani ya hesabu inayotaka usahihi kamili, hukuandikia kwamba imeiondoa 0.1 na mahali pake imeweka moja ya kumi. Kwa mpita njia ni kelele tu. Lakini ndani yake kuna uaminifu ambao ni nadra kuupata hata kwa watu. Desimali hiyo, inayoonekana nyoofu kabisa kwetu sisi wenye vidole kumi, haiwezi kuandikwa sawasawa katika namba za mbili ambazo kompyuta huzitumia. Ndani yake huwa ni kadirio, karibu sana na moja ya kumi, lakini si yenyewe. Mashine imelazimika kukisia ulimaanisha nini. Imekisia, na imekuambia imekisia. Ni wahasibu wangapi, ni waandishi wangapi wa ripoti, hufanya hivyo?

Wakati mwingine hata hesabu haihusiki. wxMaxima, ule uso mzuri wenye madirisha na vitufe, ni programu tofauti na Maxima yenyewe inayokokotoa. Zimekaa ndani ya kompyuta moja, lakini huzungumza kupitia mlango wa mtandao wa ndani, utadhani moja iko Mombasa na nyingine Mwanza. Basi mlinzi wa kompyuta, ile programu inayozuia wageni, akiona kitu kinagonga mlango huo, huweza kukizuia. Mtumiaji hubaki na ukurasa mweupe unaopokea maandishi na kutojibu lolote. Ataifuta programu, ataipakua upya, ataibadilisha na toleo la zamani, kumbe ndugu wawili wamekaa chumba kimoja na aliyewatenganisha ni askari aliyekuwa akitimiza wajibu wake.

Hizi zote, hata hivyo, ni hitilafu zenye huruma. Hukusimamisha, hukuudhi, hukupotezea jioni, lakini zinajulisha kwamba zipo. Inayotisha ni ile isiyosema kitu. Chukua mfano ambao wajenzi wa programu hizi wanaujua vizuri: moja gawanya kwa mbili ongeza kosaini ya x, na unataka eneo lake kuanzia sifuri hadi pai mbili, mzunguko mmoja kamili. Kosaini haizidi moja wala haipungui hasi moja, kwa hiyo kinachogawanya kiko kati ya moja na tatu, na mchoro mzima unaelea juu, haugusi chini hata mara moja. Kuna njia ya darasani ya kuitatua, ya kubadilisha x kwa tanjenti ya nusu yake. Huzaa fomula safi yenye tanjenti ndani ya tanjenti iliyogeuzwa. Weka pai mbili, weka sifuri, toa moja kutoka kwa nyingine. Jibu ni sifuri. Eneo lililo chini ya mchoro usiogusa ardhi, sifuri! Ukiishuku fomula na kuirudisha nyuma kwa kuitafutia mteremko, inarudi palepale ilipotoka, bila doa. Ukaguzi wa kawaida umepita na jibu bado ni la uongo. Kosa liko katikati ya safari, pale x inapofika pai: tanjenti ya nusu yake hukimbilia juu kabisa na kuibukia chini kabisa, na fomula huruka kama daraja lililokatika. Mruko huo una ukubwa wa pai mbili gawanya kwa kipeuo cha tatu, takribani 3.63, na hilo ndilo eneo la kweli, lote, lililomezwa na ufa mmoja.

Programu nzuri hujifunza kuutafuta ufa huo kabla ya kutoa hesabu. Lakini nyufa za aina hiyo hazina idadi, na anayetumia mashine hana budi kubaki na mazoea ya zamani: chora picha, kadiria kwa namba, jiulize kama jibu linaweza kuwa kweli hata kabla ya kujua kama ni kweli. Mtu wa sokoni hahitaji integrali kujua kwamba kikapu chenye kitu hakiwezi kuwa na uzito wa sifuri. Kuna watu huona haya kuikagua mashine kwa njia nyepesi namna hiyo, wakidhani kwamba kosa la kisasa linahitaji ukaguzi wa kisasa. Mimi naona kinyume. Kadiri fomula inavyokuwa ndefu, ndivyo swali la kitoto linavyokuwa na thamani.

Na sifuri ndiyo inayosumbua kuliko zote. Mwaka 1968 Daniel Richardson alichapisha thibitisho ambalo, nadhani, lingepaswa kubandikwa juu ya kila kompyuta inayofanya aljebra. Chukua namba za kawaida, pai, logi ya mbili, herufi moja x. Ruhusu kujumlisha, kuzidisha, saini, kipeo cha e, na ile mistari miwili ya ukubwa. Vitu vya shule, hakuna cha ajabu. Richardson alionesha kwamba hakuna utaratibu wowote unaoweza kupokea kila fomula itakayojengwa kwa vitu hivyo na kuamua, bila kukosea na bila kukwama, kama fomula hiyo ni sifuri tupu iliyojificha. Utaratibu huo haupo leo, na hautakuwapo kesho kwenye kompyuta yenye kasi zaidi. Haupo kwa namna ambayo hata kungoja hakusaidii. Kwa hiyo fundi anayerekebisha programu ya aina hii anafanya kazi kando ya bahari ambayo haina ng'ambo. Anaweza kujenga gati refu kila mwaka. Fomula nyingi ambazo binadamu wanazihitaji ziko karibu na pwani, nazo atazifikia. Lakini mtu akija na malalamiko kwamba programu imeshindwa kutambua sifuri, fundi hulazimika kujiuliza jambo ambalo fundi wa pampu hajiulizi: je, hili ni la kutengenezwa, au ni la kukubaliwa?

Kuna namna Maxima inavyolikubali. Ikishindwa kutatua integrali, hukurudishia swali lako: ile alama ndefu iliyojipinda, fomula yako ndani yake, kama ulivyoiandika. Anayeanza huona dharau. Mimi huona heshima, kwa kuwa ingeweza kukupa chochote. Joseph Liouville, Mfaransa, alikwisha kuonesha katika miaka ya 1830 kwamba kuna integrali ambazo hazina jibu la kuandikika kwa vitu vya kawaida vya darasani, hata ukeshe. Mchoro wa kengele, ule wa takwimu, ambao kwa umbo lake tunapima urefu wa watoto na makosa ya vipimo, ni mmojawapo. Wanahisabati waliamua kulipa jibu hilo jina na kuendelea na maisha. Tunafanya hivyo na mambo mengi tusiyoweza kuyafungua: tunayapa jina, tunayapangia mahali, tunayapita kwa salamu.

Kabla ya mashine hizi, aljebra ndefu ilikuwa ni kazi ya mtu na maisha yake. Charles-Eugène Delaunay, mwanaastronomia wa Ufaransa, alitumia takribani miaka ishirini kuandika kwa mkono fomula ya mwendo wa mwezi: miaka kumi ya kukokotoa, miaka kumi ya kukagua. Majuzuu yake mawili yalitoka mwaka 1860 na 1867, na mwaka 1872 alizama baharini karibu na Cherbourg. Zaidi ya karne moja baada ya juzuu la kwanza, André Deprit, Jacques Henrard na Arnold Rom, nchini Marekani, waliirudia kazi ile kwa kompyuta, ikawachukua saa kama ishirini tu za mashine. Walichapisha matokeo yao mwaka 1970. Walikuta makosa machache mno, na katika hayo machache mengine yalikuwa ni watoto wa kosa moja la awali. Watu husimulia kisa hiki ili kuisifu kompyuta. Mimi hunishika zaidi ile miaka kumi ya ukaguzi: mtu peke yake, akisoma mwandiko wake mwenyewe, kwa macho yaleyale yaliyoandika. Jicho lililokosea ndilo lililokagua. Kazi haikufichwa, ilichapishwa, ikawekwa kwenye maktaba, kila aliyetaka aliweza kuifungua. Ila kilichokuwa wazi kwa wote hakikuweza kurudiwa na yeyote, na uwazi wa namna hiyo haumsaidii sana anayetaka kukagua.

Ndiyo maana historia ya Maxima hunivutia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hii iliundwa kwa muda mrefu, na nusura izame. Ilianza mwaka 1968, mwaka uleule wa thibitisho la Richardson, katika chuo cha MIT, kwa jina la Macsyma. Iliandikwa kwa Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy muongo mmoja kabla, na Lisp hiyo bado imo ndani: kosa likiwa kubwa, Maxima huacha lugha yake ya hisabati na kutoa ujumbe kwamba imekutana na kosa la Lisp, mtu akabaki anatazama msingi wa nyumba ambao hakujua upo. Mwaka 1982 njia zikagawanyika. Nakala moja ilikwenda kwenye biashara, ikauzwa kwa leseni. Nyingine ilikabidhiwa Wizara ya Nishati ya Marekani. Hiyo ya pili ikaangukia mikononi mwa William Schelter, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyeitunza kwa miaka mingi, akiiziba nyufa. Mwaka 1998 alipata kibali cha wizara kuitoa kwa umma chini ya leseni huria ya GPL. Mwaka 2001 alifariki. Programu haikufa naye, kwa sababu milango alikuwa ameshaifungua. Watu wa kujitolea walioikuta wakaendelea nayo, na bado wanaendelea. Ile nakala ya biashara, iliyokuwa na wauzaji na wanunuzi, haisikiki tena.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Programu inayouzwa huwa na mlango uliopakwa rangi vizuri. Jibu hutoka dirishani, na ukiuliza limepikwaje hupati njia ya kuingia jikoni. Sisemi kwamba inakosea zaidi. Pengine hukosea kwa nadra zaidi, maana ina watu wanaolipwa kukesha. Lakini ikikosea, mwenye shida huishia kupiga hodi. Katika programu huria, lile swali la chanya na hasi lina anwani. Unaweza kulifuata, faili baada ya faili, hadi kwenye mistari ya Lisp iliyoandikwa na mtu aliyekaa akawaza: hapa a ikiwa sifuri, itakuwaje? Wengi hatutakwenda huko, kama vile wengi hatupandi juu ya paa letu. Inatosha kujua kwamba ngazi ipo, na kwamba mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu mwenye kompyuta kuukuu, asiye na fedha ya leseni wala intaneti ya uhakika, anaweza kuibeba programu nzima kwenye flashi, pamoja na mwongozo wake na msimbo wake wote, na kuipanda ngazi hiyo usiku akitaka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii tumeizoea katika mambo ya hospitali na ya ndoa, lakini sijaona mahali inapozingatiwa kwa uwazi kama kwenye mfuko wa majaribio ya Maxima. Programu hubeba ndani yake maelfu ya hesabu ndogo zenye majibu yanayojulikana, na kuna amri moja ya kuziendesha zote ili ijikague yenyewe mbele yako. Baadhi ya hesabu hizo zimewekewa alama kwamba zitashindwa. Wajenzi wanajua zitashindwa, wameandika hivyo, wameziacha mahali pa wazi, na ukaguzi ukiisha mashine hutofautisha kati ya makosa yaliyotarajiwa na yasiyotarajiwa. Nimejaribu kuwaza ofisi ya umma, au hata familia, inayoweza kumkabidhi mgeni orodha ya namna hiyo siku ya kwanza.

Na namna kosa linavyoingia kwenye orodha ni kazi yenye ustadi wake. Aliyekwama huja kwanza na fungu zima: kurasa za hesabu, herufi kumi na mbili, hasira. Halimsaidii mtu. Inabidi apunguze. Aondoe mlinganyo mmoja aone kama kosa bado lipo, aondoe mwingine, abadilishe namba kubwa kwa moja, fomula ndefu kwa saini tupu, aanze upya katika kikao kisicho na kumbukumbu ya asubuhi, aandike toleo la Maxima na Lisp iliyo chini yake, ambavyo programu yenyewe humtolea akiomba. Mara nyingi, katikati ya kupunguza, kosa hutoweka, na hapo hugundua kwamba lilikuwa ni lile neno lake lisilosemwa. Mara nyingine halitoweki. Hubaki mstari mmoja, mfupi kama jina, ambao kila mtu aliye na programu hiyo, popote alipo, anaweza kuuandika na kuliona kosa lilelile kwa macho yake.

Fundi huupokea mstari huo, hutafuta chanzo, hurekebisha, na mstari wenyewe haurudi kwa mwenyewe. Huingizwa katika mfuko wa majaribio, pengine na namba ya ripoti pembeni yake. Aliyeuleta huenda alikuwa akihangaika na tasnifu, au na mawimbi, au na kazi ya nyumbani ya mwanawe, hayo hayaandikwi. Toleo jipya linapoandaliwa, mstari wake huendeshwa pamoja na maelfu ya mingine, na ukileta jibu lile la zamani, mtu fulani huacha alichokuwa akifanya na kwenda kutazama.